Disko la Kantini

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Kibanda changu kiko sokoni Makindye, Kampala, na jirani yangu ni msichana anayesuka nywele. Yeye huwasha spika yake asubuhi na kuizima anapofunga kazi, kwa hiyo nasikia kila anachosikia, nipende nisipende. Nyimbo zake nilikwisha kuzizoea kama kelele za bodaboda.

Siku moja mwaka jana nilikuwa nashona sare za shule, na kwenye spika ile ikaja besi niliyoijua. Haikuwa ya gitaa. Ilikuwa besi ya kinanda cha umeme, nzito, inapanda mara mbili, inashuka mara moja, halafu inarudia bila kuchoka. Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Nikainuka kwenda kumwuliza.

"Wimbo huu ni wa lini?"

"Mpya, mama. Umetoka wiki hii."

"Huu si mpya."

Akacheka. "Labda wamekata kipande cha zamani wakaweka ndani. Siku hizi wanafanya hivyo."

Kipande chenyewe hakujua kimekatwa wapi. Hata mimi sikuwahi kulijua jina la wimbo huo. Tuliurekodi kwenye kaseti kutoka redioni, na mtangazaji alikuwa amekwisha kuutaja kabla hatujabonyeza kitufe.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu. Baba yangu alikuwa polisi kutoka kaskazini, na baba wa rafiki yangu alikuwa polisi pia, Mnubi mwenye kwao Kibuli. Tulikulia kambi moja, milango inatazamana. Mama yangu hakujua Kinubi, mama yake hakujua Kiacholi, basi Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani. Jumamosi mchana askari mmoja aliweka spika mbili katika kantini ya kambi na kupiga disko, na sisi watoto wa askari tuliruhusiwa kucheza mpaka wakubwa walipotaka kunywa kwa nafasi. Nje ya ukuta mji ulikuwa na vizuizi vya barabarani na watu waliotoka asubuhi wasirudi. Ndani tulicheza.

Yeye ndiye aliyejua kucheza, mimi nilimfuata. Nilikuwa nachelewa kila hatua, naye hakunicheka. "Wewe unasikiliza ngoma," aliniambia. "Iache ngoma. Sikiliza kile kidogo kinacholia kule juu, ndicho kinachokuambia lini ugeuke." Nilisikiliza, nikageuka naye kwa wakati mmoja, na sijui kama nimewahi kupata furaha kubwa kuliko hiyo.

Baada ya siku ile ya spika sikutulia. Niliambiwa kuna Mkongo mmoja Old Kampala, katika ngazi za jengo la zamani, anayekusanya santuri na kaseti na kuzihamishia kwenye flashi. Nilimkuta amezungukwa na masanduku. Nikamwimbia besi yangu.

"Mama, besi kama hiyo ni nyingi mno," alisema. "Hakuna kingine unachokumbuka?"

Nikamwimbia kile kidogo cha juu. Akafumba macho, akaniambia nikae. Alipiga nyimbo tatu ambazo sizo. Wa nne ulikuwa wenyewe.

Ulipofika penye makofi nikamwambia kwamba zamani mimi na rafiki yangu tulibishana wale wanaopiga makofi ni wangapi. Yeye alisema ni watu ishirini, mimi nilisema ni ukumbi mzima.

"Hakuna mtu hapo," alisema yule bwana, kwa upole kabisa. "Ni mashine. Ngoma, mashine. Vinanda vya nyuzi, mashine pia. Labda kulikuwa na mtu mmoja tu chumbani, anabonyeza."

Nilirudi na flashi yenye wimbo wetu na nyingine nyingi za wakati ule. Nilinunua redio ndogo, nikawa nasikiliza kila siku nikishona. Nisidanganye, majuma mawili ya kwanza nilikuwa na raha. Nilikuta mambo ambayo kaseti yetu iliyochakaa haikuwahi kunionyesha: sauti ya mwanamume iliyopitishwa ndani ya mashine mpaka ikawa kama ya chuma, vimlio vinavyokimbia kutoka spika moja hadi nyingine. Yule msichana wa nywele alizima yake ili asikie yangu.

Halafu siku moja kimlio kile cha juu kikafika, nikageuza kichwa kusema, "Sikia hapo." Hapakuwa na wa kumwambia. Nikaanza kuwahesabu watu wa kantini. Yule askari mwenye spika. Kaka wawili waliovaa suruali pana. Wasichana wa nyumba ya kona. Wote waliondoka na UKIMWI, ambao wakati huo tuliuita silimu, maana ulimkondesha mtu mpaka akaisha. Nyimbo zimerudi, na waliozicheza hawapo.

Rafiki yangu alirudishwa kwa mama yake Kibuli baada ya mumewe kufa, naye tayari anaumwa. Mimi nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mchanga, nakaa hapa hapa Makindye. Kwenda Kibuli ni mwendo wa mguu usiofika hata saa moja. Alituma mtu aniambie nimpelekee kaseti, kwa kuwa ilikuwa kwangu. Nilisema kesho. Siku zile watu walisema ugonjwa uko kwenye vikombe, uko kwenye shuka, uko kwenye jasho. Mara moja nilifika mpaka uani kwao, nikamsikia akikohoa ndani, nikageuka. Alipokufa walimzika siku ile ile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, nami niliwaambia watu kwamba habari zilinifikia jioni, nimechelewa. Zilinifikia asubuhi.

Sijui nilitafuta nini, lakini mwezi mmoja baada ya kupata flashi ile niliichukua pamoja na redio nikaenda Kibuli. Mama yake bado yupo. Macho yake yana ukungu, ikabidi nijitambulishe.

"Mtoto wa mlango wa mbele," alisema, akanishika mkono akanikalisha kwenye mkeka. "Mungu akulipe, mwanangu. Sijasahau. Ndugu zake wa damu walikuwa wanasimama mlangoni, wewe ukaingia. Ukamwogesha. Ukambadilisha shuka."

Niliacha aendelee. Najua niliacha, kwa sababu nakumbuka jinsi maneno yale yalivyokuwa matamu. Alisema nilikuwa nikija kila Ijumaa. Alisema nilimchania nywele kidogo zilizobaki.

"Mama," nikasema, "huyo si mimi."

"Si wewe?"

"Mimi sikuingia. Sikuingia hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Mkono wake ukatoka juu ya wangu. Nikasikia watoto wa shule wakipita barabarani.

"Basi yule alikuwa nani?"

"Sijui, mama."

"Hakutaja jina, na macho yangu yalikuwa yameanza kufifia hata wakati ule. Nilidhani ni wewe." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Miaka yote hii nimekuwa nikikuombea wewe, kwa jina lako."

Nikaivuta redio mapajani.

"Na ile kaseti?" akauliza. "Aliiulizia sana."

"Ilibaki kwangu. Tulipohama niliitupa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei ya sukari. Kisha akauliza ni kitu gani nimekipakata. Nikamwambia ni muziki ule wa kantini, nilioutafuta mpaka nikaupata.

"Umemletea nani sasa?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Alasiri ilipoadhiniwa akasema anataka kutawadha. Nikaondoka na redio yangu. Nilijaribu kuwaza huyo mwanamke wa Ijumaa alikuwa nani kati ya wale niliowajua, na kama naye amekwisha kufa bila mtu wa kumwombea kwa jina lake.

Bado nausikiliza wimbo ule. Ningependa kusema siwezi tena, lakini naweza, na ni mzuri kama ulivyokuwa. Msichana wa nywele ameuweka kwenye simu yake, anaupigia wateja wake, nao wanatikisa vichwa wakiwa wameshikwa nywele.

Nimerudi Kibuli mara mbili. Mara ya kwanza watu wa nyumbani waliniambia mama amelala. Mara ya pili alinijibu mwenyewe kutoka ndani, akasema amelala.