Umbali wa Kutupa Jiwe

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Amagoro alitufundisha kusema "a stone's throw" kama mahali ni karibu sana. Jioni hiyo, tukipalilia shamba letu kando ya mto Malaba, nikamweleza mama kwamba Wazungu hupima ukaribu kwa kutupa jiwe.

Ng'ambo, upande wa Uganda, tuliona bati la nyumba ya dada yake. Lakini kumfikia ilibidi kuzunguka hadi darajani, kupenya katikati ya malori na kuulizwa kitambulisho. Mama akaokota jiwe, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likaangukia majini.

"Hicho Kiingereza kinadanganya," akasema, macho bado kwenye lile bati. "Dada yangu hayuko karibu hivyo."

Siku hizi nafundisha Nairobi. Mama akinipigia simu hasemi amenikumbuka, hilo si neno lake. Huuliza tu, "Mwalimu, huko uliko ni mawe mangapi?"

Nami humwambia shule zikifungwa nitakuja. Simu ikishakatika, hujikuta nimekunja kiganja, kana kwamba nimeshika jiwe.