Nyama Niliyomtupia Mzimu wa Kibabi

Mnicheke tu, nimestahili. Juzi jioni mke wangu alikuwa hajarudi kutoka soko la Bweremana, nami, mchuuzi niliyezaliwa mjini Butembo, nikajifunga kitenge chake na kukaanga nyama ya ng'ombe upesiupesi kwa vitunguu na pilipili. Ukungu wa Kibabi, kijiji tunachoishi, ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa.

Nje, sauti ya kike ikasema polepole: «We mugomba, mwenye nyumba iko?»

Nani huuliza mgomba maswali? Nikachungulia dirishani. Ndani ya ukungu kitu kirefu kilisimama kikiuelekea mgomba, kichwa kimefunikwa chote, hakina uso. Vitunguu vikaanza kuungua; sikuthubutu kugeuza.

«We mugomba, ninasikia harufu ya nyama,» sauti ikaendelea.

Mzimu mwenye njaa! Nikanyakua pande nono kuliko yote kwenye kikaango, nikalitupa dirishani huku nikipiga kelele: «Kamata yako, urudie kwa makaburi!»

Pa!

Papo hapo mke wangu akaingia uani na kikapu chake. «Mama!» akalia. «Nani amekupiga na nyama?»

Kumbe kwao mama mkwe hamsemeshi mkwe wake wala hamwonyeshi uso; maneno yake huyapitisha kwa mti. Na hiyo ilikuwa ziara yake ya kwanza kwangu.

Nilitoka nimeinama, kitenge kiunoni. Mama mkwe, mafuta yakimtiririka begani, hakugeuka.

«We mugomba,» akasema, «ambia ule mukwe: kwetu mugeni banamupatia kiti kwanza, njo nyama inafwata.»