Mshenga Aliyetaka Kuniharibia Posa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa jikoni kwa mama yangu kule Mlali, sikio limeganda ukutani kama kupe. Sebuleni mshenga alikuwa ameleta posa yangu kutoka kwa Deo, na Deo nilimpenda mpaka nilikuwa naunguza mboga.

Mshenga mwenyewe ni Mzee Pius, katekista wetu. Kazi ya mshenga unaijua, ni kusifia. Hata kijana awe mvivu wa kutupwa, siku hiyo anaitwa trekta.

Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake, akauliza swali moja tu: huyo kijana bado yuko kiwandani? Maana miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa mlango, viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na Mjomba alishaapa sitaolewa na asiye na ajira. Nikamwomba Mungu Mzee Pius aseme ndiyo.

“Hapana,” akasema. “Amepunguzwa. Sasa anauza mitumba soko la Mafiga, na siku nyingine anarudi mikono mitupu. Ila hanywi, na binti yenu anampenda kwa dhati.”

Jamani! Nilitamani nikammwagie maji ya ugali. Mama akanishika gauni.

Mjomba akamuuliza mbona anamharibia kijana wake. Mzee Pius akajibu taratibu, “Nawafundisha watoto wa katekisimu kwamba kweli ya Maandiko si maneno matupu. Ni kitu unachokiegemea kisikuangushe. Kuanzia leo binti huyu ataegemea neno langu maisha yake yote.”

Mjomba akacheka. “Kama hukunificha la mitumba, basi na hilo la kutokunywa nakuamini. Mwiteni binti.”

Nikatoka na masizi usoni, nikaulizwa kama namtaka, nikaitikia kwa sauti ya kuaibisha.

Basi tukaoana. Tumekula nyama, tumekula na matembele yasiyo na mafuta, lakini sijawahi kuamka nikakuta mume mwingine niliyefichwa.

Sasa na wewe unatafuta mshenga. Usinitafutie fundi wa maneno. Tuma mtu anayekujua, umwambie aseme yote, hata lile linalokuuma, maana atakayekukubali baada ya hapo amekukubali wewe mwenyewe. Mungu akupe mtu wa kukujua hivyo, na bado akuitikie.