Mimba ya Mabibo

"Mabibo hayo," baba alisema akimnyooshea kidole mbuzi wetu tumboni. "Hana mimba wala nini. Kashiba."

Nisimwonee, wengi wangekosea. Huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Mtama, msimu wa korosho kila mbuzi ana tumbo. Sisi tunanyofoa korosho, mabibo, yale matunda yake, tunayaacha chini ya mikorosho, wao wanayafakamia mpaka wanatembea kama walevi.

Ila baba alikuwa ameshaamua. Mbuzi huyo, ambaye yeye alimwita tasa, achinjwe Jumamosi, siku mdogo wangu anatoka jando. Mchinjaji ni mjomba.

Mimi nilijua ana mimba. Nilikuwepo siku beberu wa jirani alipomtembelea. Sikualikwa, lakini macho ninayo. Nikaandika tarehe nyuma ya daftari la Baiolojia, na kwa hesabu yangu miezi mitano ilikuwa inaishia wiki hiyo hiyo.

"Mtoto wa kike unaandika mambo ya beberu kwenye daftari la shule?" mama aliuliza.

"Si ndiyo somo lenyewe, mama? Tumefika kwenye uzazi."

Akageukia ukutani acheke bila kuonekana.

Kwa kuwa hakuna aliyeniamini, Ijumaa nilijiandaa peke yangu, tena mchana kweupe, kila mtu aone. Nilifagia banda na kutandika nyasi kavu. Ndoo ya maji nikaitoa, kitoto kisije kikatumbukia. Nikachemsha uzi wa kufungia kitovu, nikaweka wembe mpya na dawa ya kidonda, ile ya zambarau. Sketi yangu ya shule ya kidato cha kwanza nikaichana matambara ya kufutia. Sketi yenyewe ilikuwa imeshanikataa kiunoni.

Baba akapita. "Umefungua hospitali?"

"Wodi ya wazazi, baba. Kuona wagonjwa ni saa kumi."

"Kesho wodi yako itakuwa machinjio."

"Basi mtaanza na mimi."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe nikashtuka. Baba alinikazia macho. Siku nyingine ningekuwa nimeshafika kwa bibi, kandambili mkononi. Siku hiyo nilibaki palepale.

Jumamosi asubuhi mjomba akaja, kisu amekifunga kwenye gazeti. Alinikuta nimekaa mlangoni mwa banda, mgongo kwenye nguzo moja, miguu kwenye nguzo ya pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, pisha."

"Sipishi."

"We mtoto, una wazimu?"

"Ninao. Lakini kabla hujamchinja, mkamue."

Baba, nyuma yake, akacheka. "Mkamue, shemeji. Upate juisi ya mabibo."

Mjomba akaniruka, akachuchumaa, akabana chuchu. Kikatoka kitu kizito cha njano, kikamnata vidoleni. Ilikuwa dang'a, maziwa ya kwanza ya mzazi. Shibe haitoi dang'a.

Akakifunga tena kisu chake kwenye gazeti. "Shemeji, huyu simchinji. Wageni wapikie kuku."

Nyuma yangu mbuzi alikuwa ameanza kuparua nyasi, analala, anainuka, analala tena. Nikaingia, nikavuta matambara karibu. Baba akaja kusimama mlangoni.

"Anataka nini sasa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwanga, baba. Umeuziba."

Akasogea.