Propela Niliyoisugua

Pikapu yetu ilianza kusema "ko" mvua za kwanza zilipoingia. Ukiachia klachi, ko. Ukipunguza mwendo kumpisha mbuzi kisha ukakanyaga mafuta tena, ko. Sauti ilitoka chini, katikati ya gari, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu lakini hana mpango wa kuondoka. Mama aliivumilia siku mbili. Siku ya tatu, tukitoka nyumbani Pajulu kwenda sokoni Arua, alizima redio, akainamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikagusa usukani, akasikiliza.

"Krosi," alisema. "Krosi imekwisha."

Alisema kwa furaha kidogo, kama mtu aliyemtambua jirani wa zamani katikati ya umati. Mama alizaliwa kambini. Babu yangu alikuwa askari, na baba yangu alikuwa askari pia kabla hajaacha bunduki na kununua pikapu hii ya kubebea maharage na ufuta kutoka Koboko. Kiswahili kilichotulea nyumbani ni kile cha kambi, kifupi, kisichopoteza wakati na ngeli, ambacho "nakuja" moja hututosha mimi, yeye na hata gari. Baba alipofariki, mama alikuwa amevuka miaka hamsini na hajawahi kushika usukani. Haikupita miezi sita, alikuwa anarudi nyuma kati ya malori mawili kwa kutazama kioo tu, huku akitafuna karanga.

Mlio ule ungekuja mwezi mwingine tungeucheka. Lakini Jumapili ya wiki hiyo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anayekaa Koboko, alikuwa amewaambia wazee wa ukoo kwamba pikapu iende kwake. Yeye aliendesha malori ya jeshi miaka mingi, na hoja yake ilikuwa moja.

"Gari ya dizeli bila mwanaume nakufa. Shemeji najua kuendesha, sawa. Kutunza iko kitu ingine."

Mama hakuinua sauti. "Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mimi naleta gari mpaka kwako. Ikifika na nguvu yake, iko yangu, maneno imekwisha. Ikifika na kamba, chukua."

Wazee walicheka, wakakubali. Jumatatu gari likaanza kugonga.

Fundi wetu yuko Oli, mtaa wa mjini Arua, karibu na mto, chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Ni Mkongo aliyevuka mpaka akiwa kijana, mwimbaji wa kwaya, mtu anayezungumza na gari kuliko na mwenye gari. Jumatano hiyo alitandika gunia, akajisukuma chini ya pikapu, akaishika propela kwa mikono miwili na kuipindua huku na huku. Ko, ko, iliitika.

Propela ni bomba refu la chuma linalochukua nguvu ya injini kutoka kwenye giaboksi na kuipeleka nyuma, kwenye difu, na difu ndiyo inayozungusha magurudumu. Kila mwisho wa bomba kuna krosi, kipande kidogo chenye umbo la msalaba, ambacho huifanya propela ikunjike kama kifundo cha mkono pale gari linaporuka mashimo. Krosi ikikauka grisi, inalegea. Ikilegea, inabisha hodi.

"Krosi zote mbili," fundi alisema kutoka chini. "Na oili ya difu? Nani aliangalia mara ya mwisho?"

"Marehemu," alisema mama.

"Basi Mungu amubariki marehemu, maana anaishikilia kwa mukono wake. Humu iko karibu kavu."

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya, na badala yake nikawa mshika spana. Sikujutia hata dakika moja. Niliona oili kuukuu ikishuka kutoka kwenye difu, nzito, nyeusi, yenye harufu kali inayokaa kwenye nguo mpaka Jumapili. Fundi aliichovya kidole, akaisugua kwenye kiganja chake na kukigeuza juani akitafuta vumbi la chuma. Hakuna kilichong'aa. "Meno yake iko nzima," alisema, kwa sauti ya daktari anayemrudishia mzazi mtoto wake. Akamimina oili mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, akangoja itulie, akafunga. Nilifikiri: kumbe kipimo cha kushiba kwa difu ni kutapika kidogo.

Kisha akaitoa propela. Imeundwa kwa vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili irefuke na kufupika njiani. Kabla hajavitenganisha alichukua chaki mfukoni, akapiga mstari mmoja mweupe juu ya vyote viwili. Nilimwona. Sikuuliza, kwa sababu bati lote la mahali pale lilikuwa limejaa chaki: namba za simu, saizi za bolti, zamu za kwaya.

Alhamisi mchana krosi mpya zilikuwa zimeshakaa, zimejaa grisi, zinageuka kwa ulaini wa kupendeza. Wakati huohuo simu yake ikalia. Lori la nyanya lilikuwa limekufa kwenye barabara ya mpakani na nyanya hazingojei mtu. Alipanda boda na mfuko wake wa vyuma.

"Bolti ine tu ndiyo zimebaki," alimwambia mama. "Unganisha, ingiza, kaza. Wewe unajua."

Mama alijua bolti. Lakini kwanza aliviangalia vile vipande vya propela vilivyolala kwenye gunia, na tope na grisi nyeusi, akavuta midomo.

Wale waliolelewa kambini watanielewa. Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokwenda mbele ya mkubwa kabla ya kusuguliwa. Viatu husuguliwa mpaka nyayo, sufuria mpaka matako. Siku ya kupeleka ripoti yangu ya shule kwa babu, mama alipangusa hata bahasha.

"Kesho gari nakaguliwa na mtu ya jeshi," alisema. "Atalala chini, ataangalia. Sugua."

Nilisugua. Kwanza dizeli na kitambaa, kisha sabuni ya unga na brashi, kisha maji ya mto ndoo mbili. Nilisugua kwa mapenzi, nikiwaza siku zote ambazo baba alikuwa amelala chini ya chuma hiki. Propela iling'aa kama sufuria ya harusi. Tukaunganisha vipande, tukaingiza, tukakaza bolti nne, na mama akapiga mguu chini, akasaluti.

Ijumaa tuliondoka asubuhi. Mvua ilikuwa imeosha lami, na pande zote mbili muhogo ulisimama kijani kibichi. Tulipofika mwendo wa arobaini, kitu kilianza kuimba chini yetu kwa sauti nzito. Mama alinitazama, nikatazama muhogo. Kwenye hamsini kioo cha pembeni kilianza kutetemeka, na watu waliokuwa nyuma yetu wakawa ukungu. Kwenye sitini meno yangu yaligongana nilipojaribu kusema "mama".

Tulisimama Maracha, kando ya barabara, mbele ya mwanamke aliyekuwa anauza viazi vitamu. Kabla mama hajazima injini, vijana wa boda watano walikuwa wameshafika, kila mmoja na ugonjwa wake wa kutaja. Ni tairi. Ni injini. Ni dizeli ya maji. Nyuma yao akasimama mwenye lori, mtu mnene mwenye kofia ya sufi, akishika kamba nene ya bluu.

"Mama, mimi naenda Koboko sasa hivi. Nakuvuta pole pole. Unakaa ndani kama malkia."

Niliitazama kamba ile. Ilikuwa ni kuipokea tu, na baba mdogo angekuwa na pikapu kabla ya chakula cha mchana.

"Kamba yako funga mbuzi," alisema mama. Akampigia fundi simu, akaweka sauti ya nje, na wote tukaisogelea.

"Fundi, gari natetemeka kama mtu ya malaria."

"Mwendo gani?"

"Arobaini nalia. Sitini nacheza."

"Krosi mupya haiwezi kulia. Ile alama yangu, muliikutanisha?"

"Alama gani?"

"Mustari ya chaki. Nilipiga kwa vipande vyote mbili, ili virudi vile vilikuwa. Mweupe kabisa, hata kipofu anaona."

Mama alinigeukia. Vijana wa boda walinigeukia. Mwenye lori, ambaye hakujua lolote kuhusu chaki, naye alinigeukia.

"Nilisugua," nilisema.

Simu ikatoa sauti ya mtu mzima anayecheka mpaka anakohoa. "Musichana! Miaka yote hii nafanya kazi, hakuna mutu alishaniogeshea propela! Uliipaka na mafuta ya nazi?"

"Raia," mama aliniambia, na kambini hakuna tusi linalozidi hilo. "Wewe raia kabisa." Lakini shavu lake lilikuwa linacheza, kwa sababu amri ilikuwa yake, na yeye mwenyewe alijua.

Fundi alipomaliza kukohoa alitueleza. Kila mwisho wa propela una masikio mawili ya chuma yanayoishika krosi. Masikio ya mbele na ya nyuma lazima yatazame upande mmoja. Ya mbele yakiwa juu na chini, ya nyuma nayo yawe juu na chini. "Ukikosea jino moja tu," alisema, "itakuimbia mpaka Koboko."

Mama alikaza kitenge chake kiunoni. Aliwaamuru vijana wa boda waweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kwa sababu propela ikitoka, gia haiwezi tena kulizuia gari. Mmoja akasema, "Mama, toka, sisi tutafanya."

"Wewe shika jiwe yako."

Tulilala chini ya pikapu ubavu kwa ubavu, mimi na mama yangu, juu ya gunia la maharage, na spana mbili. Bolti nne zikatoka. Tukavuta kipande cha nyuma mpaka meno yakaachana. Nilikinyanyua kwa mikono yote miwili, na mama akafumba jicho moja, akatazama kutoka mwanzo wa propela mpaka mwisho wake. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa na uso ule. Ulikuwa uso wa babu mbele ya mstari wa kuruta.

"Sikio la nyuma, kushoto kidogo. Kidogo! Zidisha. Umepita, rudi. Rudi jino moja. Wewe nasinzia? Simama hapo!"

"Simama hapo!" waliitika vijana wa boda kutoka nje, na mwuza viazi akaangua kicheko. Kipande kikaingia. Mama akakagua tena, upande huu, upande ule, akarudisha bolti moja moja kwa mkono kabla ya kuigusa spana. Nilipotoka chini nilikuwa na tope mpaka masikioni.

Arobaini, kimya. Hamsini, kimya. Mama hakupumua mpaka sitini, na hapo nikasikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia tangu asubuhi: matairi yakinong'ona juu ya lami, spana zikigongana nyuma, mama akianza wimbo wa kuruta kwa sauti ya chini na kuukosea maneno.

Koboko watu walikuwa wameshatoka msikitini. Baba mdogo alisimama mlangoni kwake na wazee wawili, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Alilizunguka gari mara mbili. Aliinama, akatazama chini kadiri kanzu ilivyomruhusu. Alipoinuka aliingia ndani na kurudi na glasi ya chai ya tangawizi, imejaa mpaka mdomoni.

"Jeshini tulipima hivi," alisema. Akapanda kiti cha mbele, akaiweka glasi juu ya kiganja, juu kabisa ya ile kanzu. "Shemeji, twende. Sitini."

Sisi wengine tulirukia nyuma. Kupitia kioo kidogo niliona shingo ya mama, mkono wa baba mdogo, na ile chai. Mama alipita matuta ya mjini kama anayebeba mtoto aliyelala. Tulipoishika barabara ya kwenda mpakani alipandisha gia, tatu, nne, tano. Chai ilitikisika ukingoni, ikazunguka, ikatulia. Mbele yetu boda yenye magodoro matatu ikaingia barabarani bila kutazama; mama akashusha gia, akaipisha, akakanyaga mafuta tena. Nilingoja ile ko. Mzee mmoja alikuwa amenishika bega, na nadhani naye alikuwa anaingoja.

Haikuja.

Tuliporudi nyumbani kwa baba mdogo, kanzu ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka. Hakushuka mara moja. Aliinywa chai yote mpaka vipande vya tangawizi.

"Imepoa," alisema. Kisha, akitazama mbele, si kwa mama: "Jumanne iko na muhogo yangu ya kupeleka soko. Shemeji, utakuja saa ngapi?"

Mama alivuta breki ya mkono. "Utapiga simu kwanza," alisema. "Kama niko na nafasi, nakuja."

Wazee waliokuwa nami nyuma walipiga ubavu wa gari kwa viganja. Baba mdogo alishuka na glasi yake tupu, akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya mwenzake.