Kitambaa Juu ya Ampli ya Masalu

Masalu alimwibia shemeji yake. Alichukua ampli ya Modesta kwa ahadi ya kuisafisha, akang'oa taa zake nne za kioo zinazokuza sauti pamoja na transfoma, akapachika chipu aliyoitoa kwenye sabufa mbovu, kisha akamrudishia nyumbani kwake Nyegezi akisema ameiboresha.

Modesta aliipokea mlangoni akashangaa. Ampli ambayo marehemu mumewe, Machibya, alikuwa akiibeba huku amekunja uso, yeye aliishika kwa mkono mmoja kama kapu la mchicha.

"Mbona nyepesi, shemeji?"

"Mambo ya kisasa hayo. Hata simu yako ina uzito gani?"

Modesta aliweka santuri ya dansi. Besi iligonga kama mtu anayehamisha kabati, na mwimbaji, aliyezoea kukaa naye sebuleni kama mgeni aliyekaribishwa chakula, sasa alikuwa anapiga kelele kutoka nje ya uzio. Modesta akapeleka malalamiko kwenye kikao cha ukoo, kwamba hiyo si sauti ya taa zake.

Masalu alicheka. "Mama huyu hajakaa darasani hata siku moja, leo atufundishe sauti ya chipu na sauti ya taa? Ananisingizia tu." Ndugu wakacheka naye. Modesta akanywa chai yake.

Kazi yake ilikuwa kufuma. Vitambaa vyake vya uzi mweupe vilifunika redio na televisheni za majirani wengi tu. Ampli yake peke yake hakuwahi kuivika kitu, maana taa zile zikishawaka hutoa joto kama jiko.

Pasaka ilipofika, Masalu aliwaalika ndugu nyumbani kwake Buswelu wasikie ampli aliyoiunda mwenyewe. Hellen, mkewe, hakutaka lile kasha jeusi likae uchi mbele ya wageni. Alilivika kitambaa kikubwa, kazi ya mkono wa Modesta.

Muziki ulipoanza, Modesta aliacha kutafuna. Mwimbaji alikuwa ameingia ndani, amekaa.

Baada ya muda shangazi Rose alinusa hewa. "Hellen, umeacha wali motoni?"

"Wali si huo unaokula, shangazi?"

"Basi kinaungua nini?"

Katikati ya kitambaa palikuwa na duara la kahawia, na moshi mwembamba ukipanda. Modesta alisimama, akakinyanyua taratibu. Chini yake taa nne ziliwaka rangi ya chungwa.

"Hamjambo, wanangu," aliziambia. "Kumbe mlihamia Buswelu."

Shangazi Rose alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Shemeji," Masalu alisema, "nilikuwa nazijaribu tu."

"Sawa, zimejaribika. Zima, zipoe, nizifunge kwenye gazeti. Transfoma utabeba wewe, ina uzito wa kizamani."

Iqbal, fundi wa mjini, alirudisha kila kitu mahali pake. Sasa Jumapili majirani huja kwa Modesta na nyuzi zao, wakafuma na kubishana ni santuri gani ifuate. Hellen aliomba kitambaa kingine, akafumiwa, kwa sababu Hellen hakuiba kitu.

Masalu ndiye bado. Mbele ya ukoo alimfanya Modesta mwongo, na katika kikao kilichofuata alizungumzia mvua na bei ya mbegu mpaka watu wakatawanyika. Anadaiwa maneno machache: kwamba aliiba, na kwamba shemeji yake alisikia sawasawa. Ayaseme kikaoni, mwenyewe, amesimama, kabla chai haijaletwa.