Pole za Wageni

Juma lililopita, pale gatini Nyamisati, mama mmoja wa Kizungu alikuwa akifundishwa kusimama ndani ya mtumbwi na kuusukuma kwa pondo, aingie mikokoni kutazama ndege. Ndilo soko huria: hata kusimama sasa kunauzwa.

Kila alipotumbukia, watu wote gatini waliitikia, "Pole, mama!" Akauliza maana yake, na mtembezaji aliyekuwa akimfundisha, mwenzetu wa hapo hapo, akamweleza.

Mara mtembezaji mwenyewe akateleza, chali majini, na kofia yake mpya. Gatini tukaangua kicheko. "Lamba matope, mwalimu!"

Mama yule, nguo zikimchuruzika maji, akamnyooshea pondo ashike. "Pole," akamwambia.

Kicheko kikakatika. Kiswahili chake kilikuwa neno hilo moja. Sisi tunayo maneno yote, ila hilo tumewawekea wageni.